Sheria za WPA kwenye meza ya marafiki: tathmini yangu baada ya mwaka mmoja

Nakala yangu ya sheria za pool imejaa alama za vidole vyenye chaki ya buluu. Kurasa zinazohusu mambo ya mashindano rasmi bado ni nyeupe kama zilivyotoka kwenye printa. Za faulo ndizo zilizochakaa. Ukurasa mmoja umekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi mstari wa katikati hausomeki tena, wala sihitaji kuusoma kwa sababu nimeshaukariri.

Hizi ni sheria za WPA, chama cha dunia cha mchezo wa pool, na zinapatikana bure kwenye intaneti. Nilizichapa, nikazibana pini, nikazitia kwenye mfuko wa fimbo yangu. Kwa mwaka mmoja sasa tumezitumia watu wanne: mimi, shemeji yangu, jamaa mmoja seremala, na mzee wetu ambaye sote tunamwita Babu. Tunacheza mipira minane (unapiga mweupe kwa fimbo ili uzamishe mipira yako saba, ya namba ndogo au kubwa, kisha ule mweusi wa namba 8), jioni mbili kwa wiki, bila mwamuzi, bila ligi, bila kikombe. Kwa hiyo tathmini hii haimlengi mchezaji wa mashindano. Inamhusu mtu anayetaka kujua kama sheria zilizoandikwa kwa ajili ya mabingwa zinawafaa marafiki wanaobishania faulo saa nne usiku.

Zinawafaa, tena kuliko nilivyotegemea. Ila faida yake haikutoka nilikoitafuta. Nilidhani tunahitaji orodha ndefu ya makosa ili kila anayekosea abanwe vizuri. Kumbe tulichokuwa tumekikosa ni tabia moja tu: kusema kabla ya pigo.

Nieleze usiku ulionifanya nizichape. Shemeji alikuwa amebakiza namba 5 na ule mweusi. Namba 5 ulikuwa umenyooka na shimo la katikati, na mweupe umeusogelea kiasi kwamba karatasi ingepita kati yao lakini kidole kisingepita. Akainama, akapiga kwa nguvu, namba 5 ukazama, na mweupe ukaufuata unyo unyo hadi mdomoni mwa shimo. Nikasema ameupiga mara mbili. Yeye akasema fimbo imegusa mara moja tu, na kwamba aliisikia mkononi. Babu akaingia kati: kwake yeye, mpira uliogusana na mweupe haupigwi kabisa, lazima upige kuelekea kwingine. Seremala akasema kama ni faulo basi nina haki ya mapigo mawili. Shemeji akajibu kwamba hata ingekuwa faulo, mweupe ningeuweka nyuma ya mstari, si popote ninapotaka. Watu wanne, sheria nne, kila mwamba ngoma akavutia kwake. Mchezo ule haukuisha, na tulirudisha fimbo ukutani kila mtu amenuna.

Kilichoniuma nilipofika nyumbani ni kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Babu alijifunzia kwenye meza ndogo za mipira myekundu na ya njano, na huko ni kweli kwamba mweupe ukiwa umegusana na mpira mwingine unatakiwa upigwe uondoke bila kuutikisa ule wa pili. Mapigo mawili ya seremala nayo yana asili yake kwenye meza hizohizo. Shemeji alifundishwa na watu ambao kila faulo kwao ilirudisha mweupe nyuma ya mstari wa kupasulia, yaani pale linapopigwa pigo la kwanza la kuitawanya mipira. Hizi ni njia halali za kucheza pool, na kila moja ina wachezaji wake. Ubaya ni kuzichanganya kwenye meza moja, halafu kugundua mmezichanganya wakati mweusi tayari umeshazama.

Kwa sababu hiyo nyota ya kwanza naitoa kwa jambo dogo: kuwa na karatasi moja. Nasema wazi kwamba hata kama mtachagua sheria nyingine zilizoandikwa, faida hii mtaipata. Cha muhimu mkubaliane kabla mipira haijapasuliwa.

Faulo za kawaida zimeelezwa vizuri na sina la kulalamika. Kuzamisha mweupe, kuanza kugusa mpira usio wako, kupiga wakati mipira mingine bado inatembea, kurusha mpira nje ya meza, kupiga ukiwa huna hata mguu mmoja sakafuni. Adhabu ni moja: mpinzani anauchukua mweupe mkononi na kuuweka popote mezani. Babu aliiona adhabu kali mno. Baada ya wiki chache ndiye aliyekuwa akiitetea kuliko wote, kwa sababu alikuwa amechoshwa na watu wanaougusa mweupe kidogo tu na kuuficha nyuma ya mpira kwa makusudi, wakijua hasara yao ni ndogo. Mpinzani akipewa meza nzima, mchezo huo hauna maana tena.

Faulo iliyotusumbua mwanzoni ni ile ya ukingo. Baada ya mweupe kugusa mpira wako, lazima mpira mmoja uzame, au mpira wowote, ukiwemo mweupe wenyewe, ufike kwenye ukingo wa meza. Vinginevyo ni faulo. Wengi tuliojifunzia mitaani hatukuwahi kuambiwa hili. Tulikuwa tunaugusa mpira wetu taratibu, unasogea upana wa ukucha, na tunarudi nyuma tukijiona mafundi wa kujilinda. Sheria hii imeondoa kabisa michezo ya kuganda ganda. Imeleta pia swali jipya: je, kama mpira wangu ulikuwa tayari umegandana na ukingo? Kuugusa peke yake hakutoshi, maana ukingo ulikuwa umeshaugusa tangu mwanzo. Lakini nani ataamua ulikuwa umegandana au ulikuwa na mwanya wa unywele, baada ya kila kitu kutawanyika?

Jibu la sheria hizi ndilo lililonifungua macho. Mpira hauhesabiwi kuwa umegandana mpaka mtu atamke, awe mpigaji au mpinzani. Usiposema kabla ya pigo, huna hoja baada yake. Nilipolisoma hilo niliweka karatasi chini nikatulia kidogo. Ugomvi wetu wote ulikuwa unaanzia baada ya pigo, wakati ushahidi umeshatoweka. Mipira imehama, kila mmoja amebaki na picha yake kichwani, na picha hizo hazifanani. Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya pigo, mipira imekaa kimya mbele yetu, tunaweza kuinama wote wanne na kuitazama kwa muda tunaotaka.

Ukishaona hivyo, unaikuta fikra ileile kila mahali kwenye karatasi. Faulo isipotajwa kabla ya pigo linalofuata, inahesabiwa haikutokea. Hii peke yake imetuondolea zile kesi za kufukua makaburi, mtu anashindwa kisha anakumbuka kwamba mapigo matatu yaliyopita ulipiga na mpira ukiwa bado unatembea. Mwanzoni seremala aliiona inawapendelea wajanja. Mimi naiona inamtaka kila mtu awe macho wakati si zamu yake, badala ya kugeuka kuzungumza na kisha kudai haki ya kitu ambacho hakukiona.

Ipo na ile ya shati. Bila mwamuzi, mnaruhusiwa kukubaliana kwamba faulo za kugusa zihesabiwe kwa mweupe tu. Ukiusogeza mpira mwingine kwa mkono wa shati au kwa fimbo, si faulo maadamu haukubadilisha matokeo ya pigo. Lakini mpinzani lazima apewe nafasi ya kuchagua: aurudishe ulipokuwa, kwa maelewano, au auache ulipo. Ukipiga tena bila kumpa nafasi hiyo, hapo ndipo inakuwa faulo, na anachukua mweupe mkononi. Naipenda sana kanuni hii. Haimwadhibu mtu kwa shati pana, inamwadhibu kwa kunyamaza. Seremala, ambaye huvaa mikono mirefu kila siku, ndiye aliyenufaika zaidi. Siku hizi akigusa anainuka mwenyewe, ananyoosha kidole, anasema, "Kaka, nimeugusa wa 11, unataka urudi au ubaki?" Zamani tungemtazama kwa jicho la kumshuku.

Sasa lile la kupiga mara mbili, maana ndilo lililotukosanisha, na ndilo linalohitaji macho kuliko yote.

Mweupe ukiwa umegusana kabisa na mpira wako, sheria hizi zinakuruhusu kupiga kuelekea mpira huo kwa pigo la kawaida. Babu hakuamini, ikabidi asome mwenyewe mara mbili. Hatari iko pale ambapo hawajagusana lakini wamekaribiana mno. Fimbo inaugusa mweupe, mweupe unaugonga mpira wa pili na kusimama ghafla, na fimbo ambayo bado inakwenda mbele inaufikia mweupe tena. Hayo yote yanatokea kwa kufumba na kufumbua. Hakuna jicho linaloyaona, na sikio ni la bahati.

Tulijaribu simu. Kijana wa seremala alirekodi kwa mwendo wa taratibu, picha 240 kwa sekunde, tukakusanyika kwenye kioo kama madaktari. Haikusaidia. Ncha ya fimbo hukaa kwenye mpira kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, wakati kati ya picha moja na nyingine ya simu hupita zaidi ya sehemu nne za elfu za sekunde. Mguso wa kwanza na wa pili unaweza kutokea wote katikati ya picha mbili. Tulichokiona ni fimbo ikiwa nyuma, kisha mipira yote miwili ikiwa mbele. Nashauri simu iachwe mfukoni. Inaupa ubishi sura ya uchunguzi, na mtu hubishana kwa ukali zaidi akishadhani ana ushahidi.

Kinachofanya kazi ni kuusoma mwendo wa mweupe. Mipira hii ina uzito sawa. Mweupe ukiugonga mwingine katikati kabisa, unampa mwenzake karibu mwendo wake wote. Kama pigo ni halali, utauona mweupe unasita. Unaweza kubaki palepale, au ukasita kisha ukaendelea taratibu kwa sababu ya kuzunguka kwake. Lakini ukiuona unaondoka sambamba na mpira uliogongwa, kwa kasi ileile, bila kusita hata kidogo, kuna kitu cha pili kilichousukuma, nacho ni fimbo. Ndivyo ulivyokwenda mweupe wa shemeji usiku ule, nyuma ya namba 5 mpaka mdomoni mwa shimo. Nilimweleza hili juu ya meza, nikamwonyesha mipira ikiwa na mwanya wa kutosha kwanza, mweupe ukasita, halafu ikiwa imekaribiana, mweupe ukakimbia. Akanyamaza, akarudia mwenyewe mara kama sita hivi. Kisha akasema, "Haya shemeji, ile ilikuwa faulo." Miezi miwili ilikuwa imepita.

Njia ya kuliepuka tumejifunza palepale. Lenga mpira pembeni badala ya katikati, ili mweupe upate njia ya kuondoka mbele ya fimbo, au inua mkia wa fimbo na upige pigo fupi. Na kama mpinzani ana wasiwasi, anasema kabla. Hapo ndipo tunapomwita mtu wa tatu asimame upande, macho usawa wa meza, na tunakubaliana kwamba neno lake ndilo la mwisho. Hatuiti mtu wa tatu baada ya pigo. Aliyekuwa akinywa maji wakati wa pigo hawezi kuwa shahidi, hata kama ni mwaminifu kiasi gani.

Je, ikibaki shaka? Mweupe umegusa mpira wangu na wa mpinzani kwa wakati uleule, na hakuna awezaye kusema upi ulitangulia. Sheria zinasema ihesabiwe kwamba ule halali ndio ulioguswa kwanza. Mpigaji anapewa yeye. Naona ni haki. Anayedai faulo ndiye mwenye mzigo wa kuionyesha, na kama alijua pigo hilo lina utata alikuwa na nafasi ya kulisimamisha.

Nimesifu sana, sasa nizitaje kasoro, na si ndogo.

Kwanza, sheria hizi hazikuandikwa kwa meza za sarafu, zile unazotumbukizia sarafu ndipo zitoe mipira, na wengi wetu tunaocheza kwa kujifurahisha tunachezea hizo. Meza ya sarafu hairudishi mpira uliozama. Chukua mweusi ukizama kwenye pigo la kupasua. Nakala yangu inasema mpasuaji hajashinda wala hajashindwa: anaweza kuurudisha mweusi kwenye alama yake na kuendelea, au kupasua upya. Utaurudishaje ilhali umefungiwa ndani ya sanduku? Vilevile ili mweupe urudi wenyewe, meza nyingi za namna hii hutumia mweupe wenye ukubwa tofauti na mingine, au wenye kitu cha sumaku ndani. Na mweupe ukiwa mzito kuliko wenzake, ile dalili niliyoieleza hapo juu inapungua nguvu, maana mweupe mzito huendelea mbele hata kwenye pigo safi. Nililigundua hili baada ya kumwitia faulo kijana mmoja kwenye meza ngeni. Nilimrudia baadaye nikamwomba radhi.

Pili, suala la mweusi linahitaji kusomwa kwa sauti kabla ya kuanza, kwa sababu mazoea ya watu yana nguvu. Kwa sheria hizi, ukizamisha mweusi na kufanya faulo katika pigo hilohilo umeshindwa. Ukiuzamisha kabla ya kumaliza mipira yako, au kwenye shimo ambalo hukulitaja kabla ya pigo, umeshindwa. Lakini ukipiga mweusi ukakosa, kisha mweupe ukazama peke yake, hujashindwa: ni faulo tu na mchezo unaendelea. Sijawahi kukaa mezani na mgeni ambaye hakushtuka hapo. Wengi wameshazoea kwamba mweupe ukizama ukiwa kwenye mweusi, basi mchezo umeisha. Ukisubiri litokee ndipo utoe karatasi, hata kama karatasi iko upande wako, utaonekana umeificha makusudi. Nimeonekana hivyo mara moja, na sikupenda.

Tatu, lugha yake ni nzito, na kinachomhusu mchezaji wa mipira minane kimetapakaa sehemu mbalimbali: mengine kwenye kanuni za jumla, mengine kwenye faulo, mengine kwenye mwongozo wa waamuzi. Ile ya kucheza bila mwamuzi, ambayo kwetu ndiyo roho ya kitabu, imewekwa mbali kabisa na mahali ambapo mtu angeitafuta. Ilinichukua wiki mbili kuiona. Mwishowe nilitoa karatasi moja ya mambo tisa, kwa Kiswahili cha mezani, "ndogo" na "kubwa" badala ya majina marefu ya mipira, nikaibandika kwenye kifuniko cha mfuko wa fimbo. Hiyo ndiyo tunayoitumia siku nyingi. Nakala kubwa hutoka pale tu karatasi inaposhindwa.

Kwa jumla nazipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja inapungua kwa ajili ya meza za sarafu na mpangilio wake. Kama mnacheza watu walewale kila wiki, zichukueni bila kusita. Kama unacheza na wageni, usiwatolee kurasa zote, wataona unatafuta ugomvi. Waulize maswali matatu kabla ya kupasua: faulo inatoa mweupe popote au nyuma ya mstari, tunataja shimo au hatutaji, na mweupe ukizama kwenye mweusi inakuwaje. Majibu yoyote watakayotoa, yakubali na ucheze nayo.

Juzi shemeji alikuwa kwenye mweusi, mimi nikiwa nimebakiza namba 13. Mweupe ulikuwa umeusogelea mweusi kwa namna ileile ya usiku ule. Aliinama, akanyoosha fimbo, kisha akainuka bila mimi kusema neno. Akapaka chaki. "Babu, hebu njoo utazame hapa." Babu akaja, mikono nyuma, akashusha uso hadi usawa wa kitambaa. Akasema haujagusana, upo mwanya. Shemeji akashika fimbo fupi zaidi, akalenga pembeni, akapiga. Mweusi ukagonga kona ya shimo ukatoka, na mweupe ukaondoka nao sambamba. Babu akainua kiganja. Shemeji akauokota mweupe, akaufuta kwa upande wa shati, akaniwekea mkononi.